Kilichoota Katika Shamba la Nakaale

Jumatano ya tarehe tisa Februari, mwaka wa 2022, ndiyo siku dunia ya Esekon ilipopinduka. Asubuhi ya siku hiyo mkewe, Nakaale, aliinama ukingoni mwa shamba lake, kando ya mfereji wa skimu ya umwagiliaji kule Lopur, karibu na Kakuma, ili aondoe takataka zilizoziba maji, na nyoka aliyekuwa amelala ndani ya kichaka cha mathenge akamuuma mkono. Nyoka mwenyewe mdogo, wa rangi ya mchanga, hata urefu wa bakora hafiki. Wakambeba mpaka dispensari. Dispensari ilikuwa na mlango mpya wa buluu, na ukutani picha ya mama anyonyeshaye mtoto, na kijana wa koti jeupe. Dawa ya sumu ya nyoka ndiyo haikuwako.

Wakaambiwa dawa iko Lodwar. Gari la wagonjwa liko, lakini mafuta hakuna. Mafuta yalipopatikana, dereva akawa ametumwa kumpokea mkubwa fulani uwanja wa ndege. Mwisho wakapanda lori la mawe. Nakaale akafa barabarani, kichwa kwenye mapaja ya mumewe, mkono umevimba hata bangili zake zimezama ndani ya nyama, na Lodwar bado haijaonekana.

Tangu hapo Esekon hakumuuliza mtu nani aliyemuua mkewe. Alijua. Shule aliacha darasa la pili akapewa mbuzi achunge, lakini hesabu hii haikutaka shule. Nani aliyeleta mathenge Turkana, mti huu wa miiba unaomeza njia na malisho na mito? Wakubwa, walioambia watu kwamba utazuia jangwa. Nani aliyetakiwa kufyeka kingo za mfereji? Skimu. Dawa ya nyoka nani aliisahau, na gari nani alilipanda? Kila alipogeuka aliona tumbo moja lile lile limefungwa mkanda. Akaishi na chuki yake kama mtu aishivyo na jino bovu. Akiulalia upande ule, anaamka.

Shamba lilikuwa la Nakaale. Huku mbuzi na ngamia ni wa mwanamume, lakini mtama ni wa mwanamke; mama humwachia binti, na binti humwachia wake. Kazi ya Esekon pale ilikuwa moja tu. Kila msimu kabla ya kupanda, Nakaale alimwomba mbolea, naye akaisomba bomani kwa punda, akaimwaga kando ya mfereji, akageuza punda wake. Kilichofuata hakukijua. Mwanamume hakai shambani kuwatazama wanawake wakiinama.

Mama alipokufa, binti yao Abigael akaenda Lodwar kukanda chapati katika hoteli moja karibu na stendi, na mathenge ikaingia shambani. Haikubisha hodi. Miaka mitatu ikapita, na mahali pa mtama pakawa msitu wa miiba ambao hata mbuzi waliuzunguka.

Ndipo Aregae, mwenyekiti wa kamati ya maji, akaja na kofia yake ya mradi na simu mbili mkononi.

"Mzee Esekon, hili shamba limelala."

"Limelala kwa sababu mwenyewe amelala."

"Pole, mzee. Lakini kuna watu wanangoja. Bwawa likijaa tutafungua maji. Shamba ambalo halitakuwa na mtama, kamati italigawa."

"Mligawe na mathenge yenu ndani. Na nyoka wenu pia."

Aregae akatazama simu zake, akaenda zake. Esekon angeliacha liende. Jembe hakuwahi kulishika, na uzee ulikuwa umeshamjia magotini. Lakini jioni Abigael alipiga simu, na baada ya salamu akasema, "Baba, mwenye hoteli anafungua nyingine Kitale. Anataka niende. Nikienda Kitale sitarudi, najijua. Sasa niambie. Shamba la mama liko au haliko?"

Esekon akatazama juu. Kwenye fito za paa la manyatta kulikuwa na kibuyu kimoja kilichozibwa kwa ngozi. Ndani yake mlikuwa na mbegu ya mtama mwekundu iliyochanganywa na majivu, mbegu ya Nakaale, na ya mama yake Nakaale, iliyobaki hiyo hiyo tu duniani. Katika ukame alilala njaa chini ya kibuyu hicho na hakukigusa.

"Liko," akasema. "Njoo wakati wa kupanda."

*

Kesho yake akaenda kwa rafiki zake wawili, maana hakuwa na zaidi.

Wa kwanza alikuwa Lomunokol, rika lake, mchoma makaa, mweusi wa moshi hata kwenye kope. Wa pili alikuwa Barnabé, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Kalobeyei, mshonaji viatu aliyezoea kumtia Esekon viraka kwenye akala zake. Kwao milima ya Fizi Barnabé alikuwa mkulima. Hapa alipewa kipande cha kulima kisichozidi shuka la kitanda, na mikono ilikuwa ikimwasha.

"Mimi nitakuja," Barnabé akasema. "Lakini utaniachia mistari mbili ya lengalenga, muchicha yetu, pale pembeni. Watoto wamechoka maharagi."

"Panda hata mitatu."

Walipokutana shambani, Lomunokol alisimama akamkodolea macho rafiki yake.

"Ejok, Apaloreng!" akamsalimu, akimwita kwa jina la dume lake la ng'ombe, kama rika waitanavyo.

"Ejok nooi."

"Hiyo kitu kwa mkono ni nini? Ni jembe ama macho yangu imeharibika na moshi?"

"Macho yako iliharibika zamani."

"Baba yako akikuona leo, angekubadilisha na ngamia."

"Wewe angekubadilisha na nini? Gunia la makaa, na mwenye gunia angelia."

Barnabé alikuwa ameshavua shati. "Nyinyi wazee munaongea sana. Kwetu jembe iko ya kila mutu mwenye tumbo."

Wakaanza. Jua la Kakuma halina adabu; linakusalimia kwa kofi. Mathenge ilikuwa imefungamana kama nywele za mwendawazimu, na miiba yake ilipenya akala za tairi kama zimetengenezwa kwa ugali. Esekon alitangulia na fimbo ndefu. Kabla ya panga kugusa shina lolote, yeye alilipiga, akachokonoa chini, akasikiliza, akapiga tena. Mkono wa mtu hakuuruhusu kuingia kichakani kabla ya fimbo yake. Lomunokol, ambaye aliweza kufanyia mzaha hata mazishi, kwa hilo alingoja fimbo ipite.

Kukata ndiko alikofundisha Lomunokol. "Ukiikata juu umeitania tu," alisema. "Itarudi na watoto wake. Chimba mpaka bega, pale mizizi inapoanza. Kata chini ya bega, ndiyo inakufa." Visiki alivikusanya kwa ajili ya tanuri lake. Siku zikaenda hivyo, wakichimba mabega ya miti kama watu wazikao, ila wao walikuwa wanafukua. Mwiba mmoja ukavunjikia katika wayo wa Barnabé, mguu ukavimba. Akakaa nyumbani siku kadhaa akarudi akichechemea, na hakutaka kusikia habari ya dispensari.

"Nilienda pale," akasema. "Wamenipa panadol, na wameniambia nivae viatu. Mimi, fundi ya viatu!"

Wakacheka, hata Esekon akacheka, kisha akakumbuka ni dispensari gani, kicheko kikamkauka.

Ni Barnabé aliyeliona jembe la Nakaale. Lilikuwa chini ya majani makavu, mpini umeliwa na mchwa, bamba limekula kutu lakini zima. Jembe fupi la mwanamke. Akalifuta kwa viganja, akampa Esekon, na Esekon akalishika kama mtu aliyepewa mtoto wa watu asiyejua kumbeba. Akalitia chini ya mkanda wake.

Mwishowe shamba likawa wazi, ila kichaka kimoja. Kilikuwa ukingoni mwa mfereji, kikubwa kuliko vyote, kinene kwa chini kama ukuta. Lomunokol akakiendea na shoka.

"Acha hicho," Esekon akasema.

"Hicho ndiyo mama yao wote. Tukikiacha..."

"Hicho ni cha skimu. Kimeota kwa mfereji yao. Waje wafyeke wenyewe, na kama hawaji, kikae hapo. Kila mkubwa akipita akione."

"Mti si barua, Apaloreng. Wakubwa hawasomi miti."

"Nimesema kikae."

Wakakiacha.

*

Barnabé akachota udongo, akauvunja kiganjani, akaupuliza. "Hii udongo si mubaya. Lakini iko na njaa. Imenyonywa. Inataka mbolea, tena mingi."

Ndipo uso wa Esekon ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze. Siku zote hizo alikuwa mwanafunzi; mmoja akimwelekeza namna ya kukata, mwingine namna ya kulima. Sasa walifika kwake.

"Mbolea?" akasema. "Udongo ukilia njaa ya mbolea, uambie unyamaze. Mwenye mbuzi yuko hapa."

Boma lake lilikuwa na samadi ya miaka, nyeusi, nzito, imekanyagwa ikawa kama zulia. Mbuzi wake walikuwa wameuvuka ukame kwa maganda ya mathenge, yale ya manjano matamu yanayodondoka kila mahali, maana majani mengine yalikwisha. Aliisomba mbolea hiyo kwa punda, mizigo kwa mizigo, akipiga mluzi. Safari hii hakuimwaga kando ya mfereji akageuka. Aliingia nayo mpaka ndani, akaimimina katikati ya shamba, na yeye na rafiki zake wakaitandaza kwa mikono na kwa majembe hadi ardhi yote ikawa nyeusi kama ngozi ya mtu aliyepakwa mafuta.

"Leo Apaloreng ametoa mahari ya shamba," Lomunokol akasema.

Barnabé alivuta harufu akafumba macho. Kwao mbuzi hula nyasi za mlimani. Hakuwa na sababu ya kuuliza mbuzi wa huku wamekula nini. Lomunokol aliijua mathenge kwa kuichoma tu. Na Esekon, ambaye angeweza kukwambia mbuzi yupi alikula nini wiki iliyopita, hakuwahi katika maisha yake kungoja aone samadi inafanya nini ikipata maji.

Abigael akaja na basi la Lodwar, amekonda, nywele amezifunga kwa kitambaa cha mama yake. Alipofika ukingoni mwa shamba akasimama. Aliweka mfuko wake chini polepole.

"Baba. Ni nyinyi mlifanya hii yote?"

"Ni sisi. Na huyu Mkongo na kelele zake."

"Shikamoo, mzee Barnabé. Ejok, mzee Lomunokol." Akainama akagusa udongo. "Na mbolea umeweka. Kama mama."

"Kama mama," Esekon akasema, na kifua kikamjaa.

Kibuyu akakishusha yeye, lakini akakifungulia mikononi mwa binti, kwa sababu mkono wa mwanamume hautii mtama ardhini. Abigael akapuliza majivu. Akapanda mwenyewe mistari yote, kwa jembe la mama yake ambalo Lomunokol alikuwa amelitia mpini wa mathenge. Alipomaliza akakikung'uta kibuyu, na hakikutoka kitu isipokuwa vumbi. Punje zote zilikuwa chini.

Maji yakafunguliwa. Aregae akapita, akatazama matuta yaliyolowa, akampa Esekon mkono. "Sasa hili ni shamba, mzee. Likiota nitakuja nimwambie kila mtu."

"Njoo," Esekon akasema. "Ukija, uje na shoka. Kuna kichaka chenu pale."

*

Likaota.

Ni Esekon aliyeona kwanza, asubuhi, akitokea bomani. Kwa mbali shamba lilikuwa na kivuli cha kijani, laini kama vinyweleo vya mtoto. Akapaza sauti kumwita binti yake. Akawapelekea habari rafiki zake, na Barnabé akaja akichechemea na mkewe Mathilde aje aone, na Lomunokol akaanza kuimba wimbo wa madume.

Abigael ndiye aliyepiga magoti. Akakaa hapo muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama mtama.

"Baba," akasema. "Mtama unatoka na jani moja, kama mkuki. Tazama hii."

Esekon akainama. Majani yalikuwa mawili mawili, ya mviringo, na katikati yake yamechomoza mengine madogo yaliyochanwa kama unyoya. Alifuata tuta lile kwa macho hadi mwisho, akafuata la pili, la tatu. Huku na huku mkuki mmoja mwembamba wa mtama ulichungulia katikati, kama mtoto aliyepotea sokoni.

Mathenge. Shamba zima, nene kama manyoya ya kondoo.

Waling'oa. Mungu ni shahidi waling'oa, wote watano, kwa magoti, kuanzia jua linapotoka. Lakini mathenge changa ukiiona juu ina urefu wa kidole, chini imeshapiga mzizi urefu wa mkono, na kila ulipovutwa ulitoka umeukumbatia mtama wa jirani. Wakiiacha, inaunyonga mtama, wakiing'oa, inaondoka nao. Walipomaliza upande wa pili, upande wa kwanza ulikuwa umeota upya. Kisha zamu ya maji ikakatwa mapema, kwa sababu karatasi ya plastiki iliyotandikwa chini ya bwawa ilikuwa imepasuka na aliyetakiwa kuiziba alikuwa Lodwar mkutanoni. Mtama uliobaki ukakunja majani, ukawa wa manjano, ukalala. Mathenge haikulala. Mathenge hailali.

Aregae akaja kama alivyoahidi. Akasimama, akavua kofia.

"Mzee, hapa sasa nitasema nini? Kamati ikiuliza mtama uko wapi?"

"Uwaambie mmeumaliza!" Esekon alimnyoshea mikono iliyojaa miiba. "Waambie mti wenu umeumaliza! Mlituletea hii kitu, mkaacha ikajaa kwa mfereji, ikaniulia bibi, sasa imekuja kula na mbegu yake. Nyinyi! Mnatoka Lodwar na magari, mnakula mkutano, mnalala mkutano! Ni kichaka chenu pale kimemwaga hizi mbegu!"

"Mzee, mimi nimezaliwa hapa Lopur kama wewe."

"Ulizaliwa hapa, lakini tumbo lako lilizaliwa huko!"

Lomunokol akamshika rafiki yake mabega. Aregae alivaa kofia yake, akaondoka, na kila mtu akajua shamba limekwenda.

Barnabé alikaa juu ya tuta, ameshika miche michache ya lengalenga yake iliyonyauka, anaizungusha vidoleni. Mathilde akaanza kukusanya majembe. Abigael alikuwa bado amepiga magoti pale pale. Akaokota kitu udongoni, punje ya samadi, kavu, ya mviringo, akaipasua kwa ukucha. Akaokota nyingine. Kisha akauchambua ule udongo mweusi, na katikati ya samadi zikaanza kuonekana mbegu za mathenge, za kahawia, ngumu, zinang'aa, jinsi mbuzi anavyozitema bomani usiku akicheua. Akazikusanya kiganjani zikawa konzi nzima.

"Baba, hii mbolea uliiacha kando kwanza?"

"Kuiacha vipi?"

"Kama mama. Mama alikuwa haletei shamba mbolea mpya. Alikuwa anaiacha pale ulipoimwaga, kwa mfereji, anaimwagia maji ichipue yote. Ikichipua anang'oa, anaichoma, ndiyo analeta huku iliyobaki. Kila msimu. Nilipoona udongo mweusi nilidhani unajua."

"Hakuniambia," Esekon akasema.

"Ulikuwa unageuza punda."

Barnabé akafumba uso kwa viganja. "Kumbe," akasema chini chini, "ni mimi nimeomba mbolea." Lomunokol akamwambia anyamaze, si yeye, si mtu yeyote, ni shetani. Mfuko wa Abigael ulikuwa chini ya mti, umeshafungwa. Esekon aliuona, na akajua kwamba ulikuwa umefungwa tangu asubuhi.

Binti akasimama. Goti moja lilikuwa linatoka damu. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha babake. Alikuwa anatazama ng'ambo ya matuta, ukingoni mwa mfereji, kile kichaka kinene ambacho Esekon alikikataza shoka, kimesimama peke yake, kibichi, kinachanua, kimeota pale pale penye lundo la zamani, alipokuwa Esekon akimwaga mbolea kila msimu.

"Baba," akasema, "ile mathenge iliyomficha nyoka, ilitoka wapi?"